INJINI YA PIKAPU YA CHAMA: MAONI YA WENYE MAGARI NA WAJIBU WA WANACHAMA

Somo hili limekusudiwa makatibu wa vyama vya msingi, wajumbe wa Bodi, na wanachama wote ambao chama chao kina pikapu au kinakusudia kununua. Inafaa lisomwe kikaoni sehemu kwa sehemu, dereva akiwapo, na maswali yaliyo mwishoni yajadiliwe kabla ya wajumbe kutawanyika.

1. Kwa nini jambo hili liwahusu wanachama

Mara nyingi injini ya gari la chama huachiwa dereva na fundi, kana kwamba ni siri yao wawili. Wanachama hupata habari zake siku ile tu gari linapokwama njiani. Hali hiyo si sawa, kwa kuwa injini hiyo ilinunuliwa kwa makato ya mazao yao, na hasara yake huwarudia wao.

Kahawa mbivu iliyochumwa asubuhi katika Wilaya ya Mbozi haina budi kumenywa siku hiyo hiyo. Ikilala ndani ya magunia kando ya barabara, huchacha. Ikichacha, daraja lake hushuka. Na daraja likishuka, malipo ya mkulima hupungua. Ndivyo ilivyo pia kwa mpunga wa bonde la Kamsamba na ufuta wa Wilaya za Songwe na Momba, ingawa mazao hayo huvumilia zaidi: mvua zikitangulia kabla gari halijatengenezwa, mzigo hubaki shambani na barabara hufungwa na tope. Kwa hiyo uzima wa injini ni sehemu ya bei ya zao, sawasawa na mizani na ghala.

2. Nchi ambamo injini hufanya kazi

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Makao yake makuu ni Vwawa, na mji wake wa mpakani ni Tunduma, ambako barabara kuu ya Tanzania na Zambia na reli ya TAZARA huvuka kuingia Nakonde. Malori ya masafa marefu hupita hapo usiku na mchana, na kwa sababu hiyo mji una mafundi, maduka ya vipuri na maoni mengi kuhusu injini.

Sehemu kubwa ya uwanda wa Mbozi na Tunduma iko juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na upande wa Ziwa Rukwa nchi hushuka hadi chini ya mita 1,000. Mambo matatu hufuata kutokana na hali hiyo. La kwanza, hewa ya uwandani ni nyepesi: katika kimo cha mita 1,500 injini huvuta hewa pungufu kwa karibu sehemu moja katika saba kuliko ikiwa Dar es Salaam. La pili, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. La tatu, miezi ya Juni na Julai, ambayo ndiyo ya mavuno ya kahawa, ina baridi kali asubuhi. Mwenye gari asiyeyajua haya matatu huilaumu injini kwa makosa ambayo si yake.

3. Maoni ya kwanza: injini ya kale ni bora

Wapo wenye magari wanaoshikilia kwamba pikapu inayofaa kijijini ni ile ya dizeli isiyo na kompyuta. Wanazitaja injini za Toyota Hilux za aina ya 2L yenye sentimita za ujazo 2,446, 3L yenye 2,779 na 5L yenye 2,986. Wanaitaja pia 1HZ ya mapipa sita yenye 4,164, iliyowekwa katika pikapu za Land Cruiser zijulikanazo na wengi kwa jina la mkonga, kwa ajili ya bomba la kuvutia hewa linalopanda pembeni ya kioo.

Ufundi wa injini hizo ni mwepesi kueleweka. Pistoni huigandamiza hewa zaidi ya mara 20 hata ikawa ya moto sana. Pampu inayozungushwa na injini yenyewe husukuma dizeli hadi kwenye nozeli, nayo nozeli huirushia katika chumba kidogo kilicho ndani ya silinda hedi. Moto huanzia humo, kisha hutokea na kuisukuma pistoni. Hakuna umeme unaohitajika ili moto uendelee, isipokuwa ule mdogo wa kufungua njia ya mafuta pale penye ufunguo wa aina hiyo.

Hoja ya wenye maoni haya ina uzito. Fundi wa Vwawa au Itumba aweza kuifungua injini hiyo kwa spana na kuifunga tena. Vipuri vyake hupatikana, na uchafu kidogo katika mafuta hauiui siku hiyo hiyo. Lakini upungufu wake nao usifichwe. Injini isiyo na tabo hupoteza nguvu mlimani, kwa kuwa pampu huendelea kuleta dizeli ile ile ilhali hewa ni pungufu. Ndiyo maana gari hutoa moshi mweusi likipanda na mzigo. Aidha, kwa nguvu ile ile hutumia mafuta zaidi kuliko injini za baadaye.

Ipo pia imani moja isiyo ya kweli, kwamba injini hizi hazihitaji chochote ila oili. Injini za 2L, 3L, 5L na 1HZ zina mkanda wa taimingi wa mpira. Kwa kawaida mkanda huo hubadilishwa kila kilomita 100,000. Ukikatika gari likiwa katika mwendo, valvu hugongana na pistoni, na kazi ya siku moja hugeuka kuwa ya wiki kadhaa.

4. Maoni ya pili: injini mpya ni bora

Wengine husema kwamba kushikilia injini za miaka ya 1980 na 1990 ni kuchoma fedha za wanachama. Wao wanazisifu injini za aina ya 1KD na 2KD, na zile za 1GD na 2GD zilizoingia katika Hilux mwaka 2015. Hizi hurusha dizeli moja kwa moja juu ya pistoni kwa shinikizo la zaidi ya mara 1,000 ya shinikizo la kawaida la hewa, na kompyuta, ambayo mafundi huiita kontroli boksi, hupima kila tone. Tabo, yaani feni inayozungushwa na moshi unaotoka, husukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Kwa hiyo wepesi wa hewa ya uwandani hauisumbui sana injini ya namna hii: hupanda mlima kwa nguvu na hutumia mafuta kidogo kwa kila gunia.

Hoja hiyo nayo ni ya kweli, ila ina masharti. Tundu za nozeli za injini hizi ni nyembamba mno, na vipande vyake vimepakana kwa nafasi isiyoonekana kwa macho. Maji au mchanga ambao injini ya kale ingeumeza kwa kukohoa huziharibu nozeli hizi kabisa, na bei ya nozeli nne hushtua kikao chochote. Tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika juu ya utando wa oili. Oili ikichakaa, tabo hufa kwanza. Tena fundi asiye na chombo cha kusomea kompyuta hubahatisha tu, akibadilisha kipuri kimoja baada ya kingine kwa gharama ya chama.

Juu ya mkanda wa taimingi, 1KD na 2KD bado zinao, ila 1GD na 2GD hutumia mnyororo. Katibu na asikisie jambo hili. Namba ya aina ya injini isomwe, na kitabu cha mtengenezaji kifuatwe.

5. Jinsi ya kupima maoni hayo mawili

Ubishi huu hauna mshindi hadi yaulizwe maswali manne. Je, gari litabeba mzigo gani na katika njia gani? Je, dizeli itatoka katika pampu ya kituo au katika mapipa ya kijijini? Je, fundi aliye karibu anaijua injini hiyo na ana chombo chake? Je, chama kina mtu wa kuandika na kufuatilia matengenezo?

Chama kilicho kando ya lami kati ya Mlowo na Tunduma, chenye kituo cha mafuta karibu na fundi mwenye chombo cha kompyuta, chaweza kufaidika na injini mpya. Chama cha bondeni kinachonunua mafuta kwa madumu kitakuwa salama zaidi na injini ya kale iliyo nzima. Injini bora ni ile ambayo chama chaweza kuitunza mahali kilipo. Na swali la nne likijibiwa kwa hapana, hakuna injini itakayokifaa chama hicho, iwe ya kale au mpya.

6. Desturi zinazoua injini

Zipo desturi zinazotetewa na wenye magari wengi, nazo zinahitaji kupimwa moja moja.

(a) Kuondoa thamostati. Husemwa kwamba kifaa hiki ni cha nchi za baridi, na fundi hukitupa gari likichemsha mara moja. Kazi ya thamostati ni kuzuia maji yasiende katika rejeta hadi injini ifikie karibu nyuzi 80. Pasipo hiyo, injini hubaki baridi muda mrefu, hasa asubuhi za Juni huko uwandani. Dizeli isiyoungua vizuri huteremka kwenye oili na kuifanya nyepesi, na ringi na mapipa hulika upesi. Gari lililochemsha lina sababu yake, yaani rejeta iliyoziba, feni mbovu, mpira uliopasuka au pampu ya maji iliyochoka. Sababu hiyo ndiyo itafutwe.

(b) Kudharau mfuniko wa rejeta. Mfuniko mzima hushikilia shinikizo ndani, na shinikizo hilo hupandisha kiwango cha kuchemka kwa takriban nyuzi 20. Huku juu, ambako maji huchemka mapema, mfuniko uliolegea na kufungwa kwa kitambaa ni mwaliko wa silinda hedi kupinda. Mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto, na maji ya kijito yasiwe mazoea, kwa sababu huleta kutu na magamba. Maji safi yaliyochanganywa na dawa ya rejeta ndiyo yafaayo.

(c) Kuongeza oili bila kuibadilisha. Oili mpya juu ya iliyochoka haiifanyi iliyochoka kuwa mpya. Kwa kazi ya vumbi na mzigo, kubadilisha oili na chujio lake kila kilomita 5,000 ni desturi njema.

(d) Kusahau chujio la hewa na kikombe cha maji. Vumbi la kiangazi ni mchanga uliosagwa. Likipita, hukwangua mapipa kama msasa. Chujio likaguliwe kila juma wakati wa mavuno, na lililotoboka litupwe. Kikombe kilicho chini ya chujio la dizeli kifunguliwe mara kwa mara ili maji yatoke. Dizeli ya pipa iachwe itulie usiku kucha, na ya chini isitiwe garini. Dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa ikataliwe, kwa kuwa haina ulaini wa kutosha kuilinda pampu.

(e) Kushuka mlima kwa gia huru. Madereva hudai kwamba wanaokoa mafuta wanapoteremka kuelekea bonde la Rukwa. Ukweli ni kinyume chake: gari likishuka katika gia, mguu ukiwa nje ya pedali, pampu hukata mafuta, likiwa huru, injini huendelea kuyanywa ili isizime. Anayezima injini kabisa huhatarisha roho, kwa sababu katika gari la dizeli msaada wa breki hutoka kwenye pampu ndogo inayoendeshwa na injini. Injini ikizima, baada ya kukanyaga mara chache breki huwa ngumu kama jiwe.

7. Kusoma dalili mapema

Injini hutoa taarifa kabla ya kufa. Moshi mweusi humaanisha dizeli nyingi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, nozeli zinavuja, au mzigo umezidi. Moshi wa buluu humaanisha oili inaungua. Moshi mweupe wa asubuhi ya baridi ukikoma upesi si neno. Ukiendelea, huenda plagi za kupashia moto ni mbovu, mgandamizo umepungua, au maji yanaingia ndani. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yamekwisha ingia, na gari lisiwashwe tena hadi fundi alione. Mvuke mwingi ukisukumwa kwenye tundu la kutilia oili injini ikiunguruma, ringi zimechoka.

8. Kufumua au kununua injini ya mtumba

Injini inapochoka, maoni hugawanyika tena. Wengine husema ifumuliwe, yaani mapipa yachongwe na pistoni, ringi na beringi ziwe mpya. Wengine husema inunuliwe injini iliyotumika kutoka nje, ifungwe kwa siku mbili, na kazi iendelee.

Injini ya mtumba huokoa muda, na katika msimu wa kahawa muda ni fedha. Lakini historia yake haijulikani. Kabla ya kulipa, fundi wa chama apime mgandamizo wa kila pipa. Mapipa yakitofautiana sana, injini hiyo iachwe. Mkanda wa taimingi, sili na chujio vibadilishwe kabla haijafungwa. Tena kadi ya gari huonyesha namba ya injini; ikibadilishwa, mamlaka husika ijulishwe, la sivyo chama kitapata matatizo barabarani na siku ya kuuza.

Kufumua huchukua muda mrefu, na hufaa pale tu kazi inapofanywa na mchongaji mwenye vipimo. Kuweka ringi mpya katika mapipa yaliyolika ni kununua miezi michache. Kazi hiyo ipangwe baada ya msimu, si katikati yake. Njia yoyote itakayochaguliwa, Bodi ipate makadirio ya mafundi wawili kwa maandishi, na vipuri vilivyoondolewa virudishwe ofisini vionekane na wanachama.

9. Daftari la gari

Chombo cha kwanza cha matengenezo ni kalamu. Daftari la gari liwe na safu sita: tarehe, kilomita, safari na mzigo, lita za mafuta, oili au maji yaliyoongezwa, na matengenezo yaliyofanywa pamoja na gharama.

Uchukuliwe mfano, tarakimu zake ni za kufundishia tu. Pikapu ya chama ilikuwa ikiongezewa lita moja ya oili kila kilomita 2,000. Mwezi wa Machi daftari linaonyesha lita moja kila kilomita 1,200, na mwezi wa Mei kila kilomita 800. Dereva hasikii mlio wowote, na gari linatembea. Lakini katibu anayesoma daftari anajua kwamba injini haitamaliza mavuno. Anaipeleka habari kwenye Bodi mwezi wa Mei, kabla kahawa haijaiva, na chama kinapata nafasi ya kuamua kwa utulivu. Chama kisicho na daftari kitaamua mwezi wa Agosti, kando ya barabara, kwa bei atakayoitaja fundi wa kwanza atakayepita.

Daftari hutumika pia kupanga akiba. Ikiwa kufumua injini kunakadiriwa kugharimu shilingi 6,000,000, na injini inatazamiwa kufanya kazi kilomita 200,000, basi kila kilomita moja inakula shilingi 30 za injini. Safari ya kilomita 180 imekula shilingi 5,400, hata kama hakuna kilichoharibika. Fedha hiyo itengwe katika hesabu ya uchakavu, na iingizwe katika nauli ya mzigo. Nauli isiyohesabu uchakavu inaonekana nafuu, kumbe inawakopa wanachama wa mwaka ujao bila kuwauliza.

10. Hitimisho

Wenye magari watabishana juu ya injini maadamu kuna barabara, na kila mmoja atakuwa na ushahidi wa gari lake. Chama hakilazimiki kuumaliza ubishi huo. Kinalazimika kujua injini yake ni ya aina gani, imekwenda kilomita ngapi, inakula nini, na itahitaji nini kabla ya mavuno yajayo. Wahenga walisema asiyeziba ufa hujenga ukuta. Katika injini, ufa huonekana kwanza katika daftari.

Maswali ya kujadili

1. Injini ya gari la chama chetu ni ya aina gani, na mkanda wake wa taimingi ulibadilishwa lini? Kama hakuna anayejua, nani apewe kazi ya kuthibitisha, na kabla ya tarehe gani?
2. Je, thamostati imo ndani ya injini? Nani aliiondoa, na kwa sababu gani?
3. Dizeli ya chama hutoka wapi na huhifadhiwa namna gani?
4. Katika msimu uliopita gari lilikwama siku ngapi, na ni mzigo kiasi gani ulioharibika au kuchelewa?
5. Je, nauli tunayotoza ina sehemu ya uchakavu wa injini? Ikiwa haina, mkutano mkuu ujao upewe pendekezo gani?